Hasira Iliyofundwa: Maisha ya Muindi Mbingu na Elimu ya Hisia katika Kutafuta Haki

Utangulizi

Mtu anayepita katikati ya Nairobi, kati ya Soko la Jiji na Bustani ya Jevanjee, hukanyaga barabara inayoitwa Muindi Mbingu. Zamani za ukoloni barabara hiyo iliitwa Stewart, kisha baada ya uhuru ikapewa jina la Mkamba kutoka vilima vya Iveti, Machakos. Maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila siku wanapoelekezana njia, ilhali wachache miongoni mwao wanaweza kueleza ni nani aliyelibeba na alitenda nini. Hata katika shule za Ukambani, mwanafunzi hukutana naye katika aya moja ya kitabu cha historia, akakariri jina na mwaka, akafanya mtihani, mambo yakaishia hapo.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha ya Samuel Muindi Mbingu kwa jicho tofauti kidogo. Tutamtazama kama mwalimu wa hisia. Kwa kauli hii hatudai kwamba aliwahi kusimama mbele ya ubao akafundisha somo la namna hiyo, wala kwamba istilahi ya akili ya hisia ilikuwapo enzi zake. Istilahi hiyo ilianza kupata nguvu katika saikolojia mwaka 1990 kutokana na kazi za Peter Salovey na John Mayer, na ikaenea duniani baada ya kitabu cha Daniel Goleman kilichotoka mwaka 1995. Tunachodai ni kwamba mwaka 1938 kundi kubwa la watu waliodhulumiwa liliweza kuishika hasira yao, likaielekeza mahali palipostahili, na likashinda. Jambo hilo halitokei kwa bahati. Sharti liwe na ufundi wake, na ufundi ni kitu kinachoweza kufunzwa.

Swali linalotuongoza ni hili: je, mwalimu wa Kiswahili anayefundisha leo Mwala, Masii, Muthetheni, Mbiuni, Wamunyu au Kibauni anaweza kuyatumia maisha ya jirani yake huyu wa kihistoria kuwafunza wanafunzi jinsi ya kudai haki bila kujiangamiza?

Ukambani kabla ya mwaka 1938

Muindi Mbingu alikuwa mwenyeji wa Ngelani, katika vilima vya Iveti vilivyo juu ya mji wa Machakos. Nchi aliyokulia ilikuwa tayari imebanwa. Machakos ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo kabisa vya utawala wa Waingereza katika bara la Kenya, kikiwekwa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki kabla ya karne ya 19 kwisha. Hivyo basi, Wakamba wa Machakos waliujua ukoloni mapema. Walowezi walichukua vilima vya Mua na sehemu kubwa ya nyanda za Athi, na malisho ya Yatta ambayo wafugaji walikuwa wakiyategemea wakati wa kiangazi yakawekewa vizuizi. Wakamba wakachorewa mipaka, wakaambiwa waishi ndani yake na mifugo yao.

Ni muhimu kuelewa maana ya ng'ombe katika jamii hiyo. Ng'ombe alikuwa akiba ya familia siku ya njaa. Alikuwa mahari, na kwa hiyo alikuwa daraja kati ya ukoo na ukoo. Alikuwa fidia ya kumaliza ugomvi. Kijana asiyekuwa na ng'ombe hakuwa na njia nyepesi ya kuoa, na mzee aliyepoteza kundi lake alipoteza pia sauti yake mbele ya wenzake. Kwa hiyo anayemchukua ng'ombe wa Mkamba wa wakati huo alikuwa akigusa mali, ndoa, heshima na usalama wa mtu kwa mkupuo mmoja.

Mipaka iliyobana watu na mifugo pamoja, ukame wa mara kwa mara na nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930 viliifanya ardhi kuchakaa. Udongo ulimomonyoka, makorongo yakafunguka katika miteremko, na maeneo mengine yakabaki mekundu bila hata jani. Hali hiyo ilikuwa ya kweli, na mpenzi msomaji hana budi kuikumbuka kwa sababu tutairejea baadaye. Mwaka 1937 mtaalamu wa serikali wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti nzito kuhusu hali ya rizavu ya Machakos. Walakini tafsiri ya serikali ilikuwa ya upande mmoja. Iliona wingi wa ng'ombe, haikutaka kuona uchache wa ardhi. Iliwalaumu wafugaji kwa kujazana mahali ambapo serikali yenyewe ndiyo iliyowajaza.

Amri ya kupunguza mifugo

Mwaka 1938 serikali ilianza kupunguza mifugo kwa lazima katika Machakos. Kila familia ilipangiwa idadi ya ng'ombe itakaoruhusiwa kubaki nao. Waliobaki walipigwa chapa, na waliozidi walipelekwa mnadani. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, hatua chache kutoka mpaka wa rizavu, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ndogo. Wananchi hawakuhitaji kusoma chuo kikuu ili waunganishe mambo hayo mawili. Waliona ng'ombe wakitolewa zizini kwa jina la kuokoa udongo, wakauzwa kwa bei ya kutupa, wakaishia kwenye kiwanda cha mgeni.

Hapo ndipo watu wa Ngelani walipokataa. Kikaundwa chama kilichojulikana kama Ukamba Members Association, na Muindi Mbingu akawa kiongozi wake. Kando yake walikuwapo watu kama Elijah Kavulu na Isaac Mwalonzi. Walikula kiapo cha kushikamana. Waliandika barua na maombi kwa wakuu wa serikali. Aidha, walitafuta marafiki nje ya kabila lao: viongozi wa Kikuyu Central Association waliwaunga mkono, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, Isher Dass, akawasemea, na huko Uingereza Jomo Kenyatta akayafikisha malalamiko yao kwa wasomaji wa magazeti.

Tukitua hapa kidogo tutaona jambo la kwanza la kujifunza. Mtu aliyedhulumiwa aghalabu hujifungia katika maumivu yake, akawaona watu wote wa nje kuwa maadui. Muindi Mbingu na wenzake hawakufanya hivyo. Walitambua kwamba uchungu wao unaweza kueleweka na Mkikuyu aliyepoteza shamba, na Mhindi aliyekuwa akibaguliwa mjini, na hata na Mwingereza msomaji wa gazeti ambaye hajapata kumwona ng'ombe wa Kikamba. Kuamini kwamba mtu mwingine anaweza kuuhisi uchungu wako, kisha ukatafuta lugha ya kumfikia, ni sehemu kubwa ya kile ambacho wataalamu wa leo wanakiita akili ya hisia. Pia ndio msingi wa ujumuishi, kwa kuwa hakuna ujumuishi pale ambapo kila kundi linaomboleza kivyake.

Safari ya Nairobi

Barua hazikujibiwa ipasavyo, na minada iliendelea. Mwishoni mwa mwezi wa Julai 1938 watu zaidi ya 1,500, wanaume kwa wanawake na watoto, walitoka Machakos kwenda Nairobi. Wengine walipanda mabasi, wengine walitembea. Walikwenda kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wakidai kwamba awasikilize yeye mwenyewe na kwamba ng'ombe wao warudishwe.

Ili tuelewe uzito wa hatua hiyo, yafaa tukumbuke kilichotokea Nairobi miaka 16 nyuma. Mnamo tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 21 waliouawa. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewashajiisha wanaume wasirudi nyuma, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo watu wa 1938 walipouingia mji ule hawakuwa wajinga wa hatari. Walijua kwamba jiwe moja likirushwa, bunduki zitajibu.

Jiwe halikurushwa. Watu wale waliketi. Waliketi siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na siku zikawa majuma. Waliambiwa warudi nyumbani wakamngoje Gavana huko, wakakaa. Walinyeshewa baridi ya Nairobi ya mwezi wa Agosti, wakiwa na watoto, wakipika na kulala mahali pasipokuwa pao. Serikali ilijipata katika hali isiyoizoea. Ingalikuwa rahisi kuwatawanya watu wanaofanya ghasia, lakini ni vigumu kueleza, hasa mbele ya Bunge la London, kwa nini umepiga risasi mama aliyeketi chini na mwanawe akiomba kuzungumza na Gavana.

Waswahili husema kuwa hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Mkizi akikasirika huruka majini, na mara nyingi huangukia ndani ya mashua ya yule anayemwinda. Methali hii haimlaumu mkizi kwa kukasirika, kwani ana haki ya kukasirika. Inamlaumu kwa kuruka bila kuangalia anakoangukia. Mwaka 1938 mvuvi alikuwa tayari na mashua yake, na mkizi alikataa kuruka.

Hatimaye Gavana alikubali kwenda Machakos na kukutana na wananchi katika baraza la mwezi wa Agosti. Baraza hilo halikumaliza shauri, ila lilithibitisha kwamba watu wa rizavu wanaweza kumtoa mkuu wa koloni ofisini mwake akaja kuwasikiliza. Vilevile serikali ilikuwa na hofu nyingine iliyoongeza uzito wa madai. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi, na dunia ilikuwa ikielekea vitani. Kuwaudhi wazazi wa askari wakati kama huo hakukuwa busara.

Uhamisho na ushindi

Utawala haukumsamehe Muindi Mbingu. Kabla ya mwaka 1938 kwisha alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, kwa amri ya utawala na si kwa hukumu ya mahakama. Mtu wa vilima vya Iveti akapelekwa kwenye kisiwa cha bahari, mbali na jamaa zake na mbali na lugha yake ya mama. Mpango wa serikali katika uhamisho wa namna hii ulikuwa wazi: mchungaji akiondolewa, kundi litatawanyika.

Kundi halikutawanyika. Wala, jambo ambalo lingeweza kutokea kwa urahisi zaidi, halikulipuka. Kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha sera ya kuuza mifugo kwa lazima. Hilo ndilo dai kuu lililowapeleka watu Nairobi, nalo likapatikana wakati kiongozi wao akiwa kizuizini. Kwa maoni yetu, hapa ndipo unapopatikana ushahidi mzuri kuliko wote kwamba watu wale walifundwa kweli. Utulivu unaomtegemea mtu mmoja huondoka naye, lakini utulivu uliogeuka tabia ya kundi hubaki hata mwalimu akiwa uhamishoni.

Chama chenyewe hakikudumu. Mwezi wa Mei 1940, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vimeanza, serikali ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Taita Hills Association, na viongozi wa vyama hivyo wakatiwa kizuizini. Muindi Mbingu alikaa uhamishoni miaka kadhaa kabla ya kurejea bara. Alifariki mwaka 1953, wakati Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari na hasira ya miaka mingi ikiwa imekwisha kushika silaha. Hakuiona bendera ya uhuru iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963.

Subira na unyonge

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuyatafakari maisha haya, nayo ni msamiati. Lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya moyo: subira, staha, haya, huruma, uchungu, ghadhabu, hamaki, kinyongo, ridhaa. Kila moja lina mpaka wake. Hamaki ni hasira ya ghafla isiyofikiri. Kinyongo ni hasira iliyofichwa ikaoza. Ghadhabu ni hasira nzito, na mara nyingine huwa na haki ndani yake. Mtu anayeweza kutofautisha hizi tatu ndani ya moyo wake amekwisha kupiga hatua ya kwanza katika akili ya hisia, yaani kujitambua. Asiyekuwa na majina ya kuzitofautisha hubaki na neno moja tu la kukasirika, na kwa neno hilo moja hufanya mambo matatu tofauti yenye matokeo tofauti.

Neno linalotuhusu zaidi ni subira. Mara nyingi tumelifundisha vibaya. Mnyonge anapolalamika huambiwa awe na subira, ikimaanishwa anyamaze. Mwanafunzi anayeonewa huambiwa avumilie. Mke anayepigwa huambiwa asubiri. Kwa matumizi hayo subira inageuka kuwa jina la heshima la unyonge, na elimu ya hisia inaweza kugeuka kuwa chombo cha kuwatuliza waliodhulumiwa ili wenye nguvu walale usingizi. Hofu hii si ya kupuuzwa. Wapo wahakiki wengi, hapa na ughaibuni, wanaouliza kama kuwafunza watoto maskini kudhibiti hasira zao si njia ya kuwazuia kuuliza kwa nini ni maskini.

Maisha ya Muindi Mbingu yanatoa jibu. Subira ya 1938 haikuwa kunyamaza. Watu waliosubiri walikuwa wamekataa kuuza ng'ombe, wamekataa kurudi nyumbani, na walikuwa wameketi mahali ambapo serikali haiwezi kukwepa kuwaona. Hasira yao ilibaki nzima. Walichokidhibiti ni namna ya kuitumia. Kwa hiyo kipimo cha elimu njema ya hisia kinaweza kutajwa kwa ufupi: je, baada ya somo mwanafunzi amekuwa mwepesi zaidi wa kuisema dhuluma, au amekuwa hodari zaidi wa kuimeza? Akiwa hodari wa kuimeza, somo limemdhulumu mara ya pili.

Upande wa pili wa hadithi

Haingekuwa haki kumsimulia shujaa kana kwamba hakuwa na kasoro wala harakati yake haikuwa na kivuli. Kiapo huunganisha, lakini pia hutisha. Katika kundi lolote lililoapa, mtu mwenye wasiwasi au mwenye maoni tofauti huwa na nafasi finyu ya kusema. Mzee ambaye kwa dhati aliona kwamba ng'ombe ni wengi mno kwa malisho yaliyopo alikuwa na hatari ya kuonekana msaliti. Ujumuishi haupimwi kwa jinsi kundi linavyowapokea wanaokubaliana nalo tu.

Zaidi ya hayo, tulisema kwamba uharibifu wa udongo ulikuwa wa kweli. Ushindi wa 1938 uliwarudishia watu haki juu ya mifugo yao, lakini haukuponya hata korongo moja. Baada ya hapo serikali iliendelea kuwalazimisha wananchi, hasa wanawake, kuchimba matuta. Kazi ya kulazimishwa ilichukiwa, na matuta mengi ya namna hiyo hayakutunzwa.

Mabadiliko yalikuja pale watu walipojipanga wenyewe. Utamaduni wa mwethya, yaani kikundi cha kazi cha kusaidiana miongoni mwa Wakamba, ulichukuliwa kuwa njia ya kuchimba matuta shamba kwa shamba, wanakikundi wakijichagulia viongozi wao, na wanawake wakiwa mstari wa mbele. Aina ya matuta iliyoenea, ambayo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, iliitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia kama lilivyo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya mataifa mengi. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti maarufu kuhusu Machakos, wakionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 katika miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Kwa hakika, ardhi ambayo wataalamu wa 1937 waliiona kuwa inakufa kwa sababu ya watu iliokolewa na watu. Tofauti kati ya tuta la amri na tuta la mwethya haikuwa katika jembe. Ilikuwa katika hisia ya mwenye jembe: katika la kwanza alijiona mtumwa, katika la pili alijiona mwenye shamba miongoni mwa wenzake. Serikali ya kikoloni ilikuwa na maarifa ya udongo bila maarifa ya moyo, ikashindwa. Waliomfuata Muindi Mbingu walianza na maarifa ya moyo, na vizazi vilivyofuata vikaongeza yale ya udongo.

Mwala na shule za leo

Twaweza kuuliza, haya yote yanamhusu nini mwanafunzi wa Mwala? Mwala iko mashariki ya mji wa Machakos, kwenye njia ya kuelekea Kitui, katika nchi yenye mvua haba na mashamba yaliyochorwa matuta. Ilikuwa katika wilaya ileile ya Machakos. Lakini sababu kubwa zaidi iko shuleni.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, lilichomwa moto makusudi. Wavulana 67 waliangamia. Shuleni kulikuwa na manung'uniko, yakiwemo ya kufutwa kwa matokeo ya mtihani wa kitaifa. Manung'uniko ya wanafunzi huwa na msingi mara nyingi. Lakini waliokufa usiku ule hawakuwa wamefuta matokeo ya mtu yeyote. Walikuwa watoto waliolala. Mwaka huohuo wa 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya, na hivyo walimu wakaondolewa fimbo bila wengi wao kuonyeshwa kitu cha kushika badala yake. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 nchini ziliteketezwa kwa moto katika wimbi moja la ghasia. Hasira isiyofunzwa njia hutafuta kiberiti.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unataja haki ya kijamii miongoni mwa maadili ya msingi, pamoja na upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo na uadilifu. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, maadili yakibaki orodha ukutani hayamfai mtoto siku anapoonewa. Yanahitaji hadithi, na yanahitaji mazoezi. Mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ya kuyatoa yote mawili bila kungoja somo jipya litungwe.

Kwanza, anaweza kusimulia kisa cha 1938, kisha akalitaka kila kundi darasani liandike barua rasmi ya malalamiko kwa Gavana. Mwanafunzi ataona kwamba barua kali yenye matusi haimfikishi popote, na barua ya kujipendekeza haimrudishii ng'ombe. Atalazimika kutafuta maneno yaliyo thabiti na yenye staha kwa pamoja. Pili, anaweza kuandaa mjadala ambamo wanafunzi wanapewa nafasi wasizozizoea: mwenye ng'ombe azungumze kama ofisa wa udongo, mvulana azungumze kama mama aliyeketi Nairobi na mtoto mgongoni, aliye hodari wa kusema azungumze kama mzee aliyeogopa kupinga kiapo. Kuvaa viatu vya mwingine kwa robo saa hufunza huruma kuliko mahubiri ya muhula mzima. Tatu, anaweza kuuliza ni nani hayumo katika barua zetu. Mwanafunzi mwenye ulemavu, msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, mtoto asiyeweza kulipa karo, je, malalamiko yao yameandikwa na nani?

Lililo gumu zaidi linawahusu walimu na wakuu wa shule. Watu wa 1938 walikuwa na mahali pa kuketi na mtu wa kumngoja. Gavana alikawia, lakini alikuja. Shule inayowafunza wanafunzi kusema kwa staha, kisha isiwe na baraza la kuwasikiliza, inawafunza kwamba staha haina faida. Elimu ya hisia haiwezi kuwa ya wanafunzi peke yao. Anayesikiliza naye sharti ajifunze kusikiliza.

Hitimisho

Samuel Muindi Mbingu hakuacha kitabu wala shule. Aliacha mfano wa watu waliokuwa na kila sababu ya kuchoma na hawakuchoma, waliokuwa na kila sababu ya kukata tamaa na hawakukata. Alilipa kwa miaka ya uhamisho, na waliomfuata wakapata ng'ombe wao. Baadaye vikundi vya mwethya viliongeza somo la pili: haki ikipatikana, bado kuna korongo la kuziba, na korongo huzibwa na mikono iliyojitolea.

Tunawahimiza wenzetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wayakusanye maisha ya watu kama huyu, wayaandike kwa lugha ambayo mwanafunzi wa sekondari huko Mwala ataielewa, na kuyapeleka darasani. Wazee wanaokumbuka yale waliyosimuliwa na wazazi wao kuhusu mwaka wa minada wanazidi kupungua. Akisomewa kisa hiki mapema, huenda mtoto mmoja, usiku mmoja wa hasira, akachukua kalamu badala ya kiberiti. Na atakapoichukua, tuwepo wa kuisoma barua yake.